Tathmini ya kloridi ya feri na bodi za shaba kutoka duka la vipuri, Ngamiani, Tanga

Kwa fundi wa elektroniki wa Tanga anayehitaji bodi moja au mbili za saketi, pakiti ya kloridi ya feri, yaani dawa inayokula shaba isiyotakiwa, pamoja na kipande cha bodi kilichobandikwa shaba ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza, kabla ya kufikiria mashine ya kuchonga au kuagiza kiwandani. Vyote viwili nilivinunua katika duka la vipuri vya redio huko Ngamiani, nikavitumia kutengeneza bodi za kudhibiti taa za LED ambazo wavuvi wa dagaa huwasha usiku kwa betri ya volti 12, na ninayoyaeleza hapa yametokana na kazi hiyo.

Dawa yenyewe inafanya kazi vizuri sana. Inakuja katika mabonge ya manjano yanayoelekea kahawia, na huyeyushwa kwa kutangulia kutia maji katika chombo cha plastiki, kisha kuongeza dawa kidogo kidogo, kwa sababu kloridi ya feri, hasa ile kavu kabisa, hutoa joto kali inapokutana na maji. Sufuria na mabeseni ya bati hayafai hata kidogo, kwani dawa inayokula shaba hula na alumini na chuma. Utando wa shaba katika bodi za kawaida una unene wa mikroni 35 tu, na dawa mpya yenye nyuzijoto 40 hadi 50 huumaliza kwa muda usiozidi nusu saa, ikiwa chombo kinatikiswa taratibu ili dawa mpya iifikie shaba wakati wote. Hapa kwetu joto la Januari linasaidia: chombo kikiwekwa juani, au ndani ya beseni la maji ya moto, hakuna haja ya kukipasha jikoni. Jambo la kuangalia ni kutoa bodi mara tu shaba isiyotakiwa inapoisha, maana dawa hula pia kwa ubavu, chini ya kingo za mchoro unaoikinga shaba inayotakiwa, na njia nyembamba za shaba zinaweza kukatika zikiachwa humo.

Kuhusu bodi, hapo ndipo ninapomlaumu muuzaji. Rafu moja ilikuwa na bodi za aina mbili zimechanganywa bila maelezo: za kahawia, zilizotengenezwa kwa karatasi na gundi ya fenoli, na za kijani hafifu, zilizotengenezwa kwa nyuzi za kioo na epoksi, ambazo hujulikana kama FR-4. Za kahawia ni rahisi kutoboa na bei yake ni ndogo, lakini hufyonza unyevu, na shaba yake hubanduka upesi chuma cha kulehemu kikikaa mahali pamoja. Kwa kifaa kitakachofanya kazi ndani ya ngalawa au mashua, nunua za nyuzi za kioo, zenye unene wa milimita 1.6, na uchukue biti za kutobolea za kabaidi, ambayo ni metali ngumu sana, kwa kuwa kioo hutia butu biti za kawaida baada ya matundu machache. Biti ya milimita 0.8 inatosha miguu ya vipingamizi na IC (vipuri vyenye saketi nzima ndani yake), na ya milimita 1 inafaa diodi nene kama 1N4007.

Mchoro wa njia za saketi unahamishwa kutoka karatasi hadi kwenye shaba kwa pasi ya nguo. Steshenari yoyote mjini yenye printa ya leza inaweza kuuchapa kwenye karatasi inayong'aa, mradi umwombe mhudumu aongeze weusi hadi mwisho. Printa ya wino wa maji haifai, kwa sababu kinachoikinga shaba ni tona, ambayo ni unga wa plastiki unaoyeyuka na kugandia. KiCad, programu ya kompyuta ya kuchorea bodi ambayo hutolewa bure, huonyesha upande wa chini wa bodi kana kwamba unautazama kutoka juu, kwa hiyo mchoro wa upande huo huchapwa bila kugeuzwa: pasi ndiyo itakayougeuza. Safisha shaba kwa msasa laini na asetoni, usiiguse tena kwa vidole, kisha pasi iwe kavu, bila mvuke. Kwa utaratibu huo nilipata njia za milimita 0.4 zilizo safi, na kwa njia za kupitisha mkondo wa taa nilitumia milimita 2 na zaidi.

Wapo wanaopendelea mashine ndogo ya kuchonga, ile inayoitwa 3018 kwa sababu ya meza yake ya takriban sentimita 30 kwa 18. Ina uzuri wake: hutoboa matundu na kukata umbo la bodi yenyewe, wala haihitaji dawa. Hata hivyo, ncha yake huchimba kiasi cha milimita 0.1 tu, hivyo bodi iliyopinda kidogo lazima ipimwe uso wake kwanza. Vumbi la kioo ni hatari kwa mapafu. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine hupoteza mahali ilipofika. Bei yake ni mara nyingi ya pakiti ya dawa.

Hewa ya chumvi ya Tanga hugeuza shaba tupu kuwa nyeusi, kisha kijani. Ndiyo maana nilipaka risasi ya kulehemu, nyembamba, juu ya njia zote, na baada ya kulehemu vipuri nikafunika bodi nzima kwa vanishi.

Linalonigusa zaidi ni dawa iliyochoka. Inabeba shaba, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki na viumbe wadogo wa majini hata ikiwa kidogo. Mji huu unapakana na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye jina la samaki adimu, iliyotangazwa mwaka 2009, na mitaro yetu huishia baharini. Dawa ihifadhiwe katika chupa ya plastiki na itumike tena hadi ianze kula shaba polepole mno. Kisha itiwe magadi soda kidogo kidogo, mahali penye hewa, mpaka povu liache kutoka na mashapo yatuame. Mashapo hayo ndiyo yenye shaba: yakaushwe, yafungwe katika kopo, yasimwagwe chooni wala mtaroni.

Pakiti niliyouziwa haikuwa na neno lolote kuhusu hayo, wala kuhusu glavu na miwani ya kukinga macho. Muuzaji anayejali angebandika karatasi moja ya Kiswahili kwenye kila pakiti, na angetenganisha zile bodi mbili rafuni.