TAHADHARI: "Dokta" wa unga wa magoti anayeuza kwa WhatsApp

Ndugu zangu, hasa mlio Dar, Pwani na Tanga na mnaotunza wazazi: kuna mtu anauza unga wa kahawia kwenye makopo meupe, anauita dawa asilia ya magoti, mgongo, gauti na baridi yabisi. Jina lake silitaji kwa sababu ana jipya kila baada ya muda, na namba za simu ndiyo usiseme. Nitaeleza anavyofanya kazi, mkikutana naye mtamjua.

Haanzi kwa kuuza. Anakuingiza kwanza kwenye kundi. Asubuhi humo ni salamu na dua, mchana ni sauti za mashuhuda. Mama wa Kahama alikuwa anatambaa, sasa anapanda ngazi. Mama wa Morogoro kautupa mkongojo. Zisikilizeni hizo sauti moja baada ya nyingine: ni mama mmoja yuleyule. Picha ya eksirei ya goti inayotumwa kama ya mgonjwa wa leo ilishatumwa zamani kwenye kundi jingine, tena pale penye jina pamekatwa. Yeye mwenyewe kwenye picha kavaa koti jeupe, kipimo cha mapigo ya moyo shingoni. Wazee anawaita "mama yangu mzazi" na kila jioni anawapigia kuuliza wameamkaje, wameshindaje. Hapo ndipo anapowapatia, maana wengi wetu watoto wa kuzaa hatupigi kila jioni.

Kopo la kwanza ni 45,000, boda anakuletea mpaka mlangoni. La pili 60,000. La tatu likafika 85,000 kwa maelezo kwamba mzigo umekwama bandarini. Dawa ya mizizi ya porini kwetu inasubiri meli gani? Na ukituma pesa, jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha si lile analojiita.

Aliyeumia kwetu ni shangazi, mwalimu mstaafu. Magoti yamemsumbua miaka. Hospitali walimweleza ukweli usiopendeza: gegedu la goti limelika na halirudi, apunguze uzito, afanye mazoezi ya kukaza misuli ya mapaja, maumivu yakizidi anywe dawa ya kutuliza. Mtu anayelala anaugulia hataki kuambiwa habari za mazoezi. Akanunua unga. Siku ya pili kaamka hana maumivu, kaenda sokoni kwa miguu na kurudi. Mtaa mzima ukapata habari, na majirani nao wakaomba namba.

Kasi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba kuna kitu humo ndani. Gegedu lililolika kwa miaka halitulizwi na kijiko cha mizizi usiku mmoja. Kinachotuliza namna hiyo ni steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe na maumivu, kama vile deksamethasoni (wengi mnaijua kwa jina la dexa) au prednisoloni, inasagwa na kuchanganywa na unga wa majani. Wengine wanaongezea diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Mchezo huu haukuanza leo wala hauko kwetu tu. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimeshakamata "dawa za asili" za viungo zenye steroidi ndani. Dexa yenyewe ni dawa halali na ni ya maana: inasaidia watu wenye mzio mkali, na mwaka 2020 ilionekana kupunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye oksijeni. Lakini inatolewa kwa kipimo, kwa muda uliopangwa, na kuna mtu anakufuatilia. Huyu anampa bibi wa miaka 68 mwenye presha kijiko asubuhi na kijiko jioni, mwezi hadi mwezi, na hakuna ajuaye kijiko kimebeba miligramu ngapi.

Baadaye mwili ukaanza kusema. Uso ulijaa ukawa wa mviringo, mashavu yakapanda, nyuma ya shingo pakafanya kinundu. Tumbo likakua huku mikono na miguu ikikonda. Akijigonga kidogo tu ngozi inavilia damu. Usiku hapati usingizi, njaa haiishi, kiu haiishi, chooni kila saa. Alipopimwa sukari zahanati ikasoma 17, naye hajawahi kuambiwa ana kisukari. "Dokta" alipoulizwa akasema uso kujaa ni afya imerudi, na hiyo sukari ni sumu inatoka kwenye damu, aongeze kijiko. Akamwambia pia aache vidonge vyake vya presha kwa sababu "vinagombana na dawa". Kwa hili la presha peke yake angestahili kufikishwa mahakamani.

Sasa hapa naomba msome taratibu, ndiyo sababu kubwa ya kuandika. Kopo lilipoisha na bei imepanda, shangazi aliamua kupumzika kidogo. Hazikupita siku nyingi akawa hoi: anatapika, akisimama kizunguzungu, mwili hauna nguvu, na presha ambayo miaka yote iko juu ikashuka chini kabisa. Daktari aliyempokea alimtazama usoni, hata faili hajalifungua, akauliza, "Mama, unga huo bado unao?" Inaelekea wanaletewa wengi.

Alivyotueleza ni hivi. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni ya kortisoli, inayosaidia presha isianguke na mwili uhimili ugonjwa. Ukimeza steroidi kwa muda mrefu zile tezi hulala, kama mlinzi aliyeona mwenzake kaletwa kushika zamu yake. Ukikata unga ghafla, tezi haziamki siku hiyohiyo. Zinaweza kuchukua wiki au miezi, na katikati hapo mtu anaweza kufa. Shangazi alipimwa kortisoli ikakutwa chini mno, akawekewa dripu na sindano za haidrokotizoni. Leo anameza prednisoloni ya hospitali, inapunguzwa polepole, yaani ileile aina aliyokuwa akilishwa kwa siri.

Kwa hiyo ukimkuta mzee wako ana kopo la namna hii na ameshalitumia wiki kadhaa, usilinyang'anye na kulimwaga chooni kwa hasira. Mpeleke hospitali siku hiyo, kopo mkononi, mwambie daktari ametumia tangu lini na vijiko vingapi. Akiwa anatapika, amelegea au anataka kuzimia, hiyo ni dharura, usisubiri kuche. Choo kikiwa cheusi pia wahi, huenda diklofenaki imechimba vidonda tumboni. Na kama aliwahi kuugua TB mtaje na hilo, maana steroidi hushusha kinga na TB iliyolala inaweza kuamka.

Sipigani na miti shamba. Mwarobaini nimekunywa, mlonge uko uani kwetu, na hata mseto wa malaria tunaopewa hospitali asili yake ni mmea wa pakanga. Tena wapo waganga waaminifu, na Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalowasajili. Ukimwomba huyu jamaa usajili anakutumia picha ya leseni ya biashara na TIN. TIN inaonyesha anatambulika kwa mambo ya kodi, basi. Ukiendelea kudai, anakutoa kwenye kundi.

Kopo letu tumelipeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Wana ofisi za kanda na wana utaratibu wa kupokea taarifa za madhara ya dawa, pamoja na za wananchi wa kawaida. Kama unalo, hata limebaki vumbi, usilioshe ukawekea sukari. Lipeleke pamoja na meseji za malipo na zile sauti alizotuma. Waliotuma pesa Dar peke yake nawajua kadhaa, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Jana mtu wa kwetu kaongezwa kwenye kundi jipya. Namba nyingine, jina jingine, mama wa Kahama yuleyule, ila safari hii anatoa ushuhuda wa unga wa kisukari. Huo nauogopa zaidi. Unga wa namna hiyo ukiwa umefichwa kidonge cha kushusha sukari kama glibenklamidi, mzee aliyelala bila kula sukari inaweza kumshuka usiku akazimia humohumo kitandani, nanyi mkadhani amepitiwa na usingizi. Mkiliona kundi hilo, msitoke kimyakimya. Pigeni picha namba ya msimamizi kwanza, waambieni wazee waliomo, ndipo mtoke.