Igizo la kesi za Oscar Wilde: nendeni, ila kateni tiketi za mbele

Jamani nimetoka kuangalia hili igizo la kesi za Oscar Wilde, ni kikundi kinachozunguka mji hadi mji huku Uingereza, waigizaji watatu tu na ndo wanacheza watu wote, mtu akibadili koti na miwani tayari shahidi kawa jaji. Nilijua nitasinzia maana mambo ya mahakamani usiku kucha si mchezo. Wapi!

Kwa asiyejua, mwanzoni mwa 1895 huyu bwana, mwandishi wa michezo ya kuigiza, alikuwa juu kweli, michezo yake miwili inaonyeshwa London kwa wakati mmoja, mara Marquess wa Queensberry (lodi mmoja mkubwa), baba yake Lord Alfred Douglas, kijana mpenzi wa Wilde, akamwachia kadi klabuni kumtuhumu mapenzi ya wanaume kwa wanaume, tena kaandika na spelingi mbovu. Marafiki wanamwambia achana nayo, nenda zako Ufaransa, yeye huyooo kaenda kumshtaki mzee wa watu kwa kumchafulia jina. Yaani kesi kaianzisha mwenyewe!!

Sasa utamu wote uko kwa Carson, wakili wa Queensberry, ambaye walisoma na Wilde chuo kimoja Dublin. Aliyemcheza hapandishi sauti hata kidogo. Anaanza na umri, Wilde kasema ana 39, Carson anamtajia tarehe ya kuzaliwa, kumbe 40. Watu tukacheka. Tukaendelea kucheka maana Wilde kila swali anarudisha kijembe, mpaka likaja la kijana mmoja mhudumu wa Oxford, uliwahi kumbusu? Akajibu aah wapi, yule hana sura. Carson kimya kwanza. Halafu kwa nini umetaja sura? Kwa nini? Anamrudia hivyohivyo, na Wilde anavutavuta kidole cha glavu, mdomo wazi, maneno hayaji. Ukumbi mzima kicheko kilikatika.

Baada ya mapumziko wanakimbiza mno. Kesi yake Wilde kuvunjika, yeye kugeuziwa mashtaka kwa hayo mapenzi na wanaume, kesi mbili nzima, juri ya kwanza kushindwa kuafikiana, ya pili kumkuta na hatia tarehe 25 Mei, miaka miwili na kazi ngumu, yote wameibana hapo, na Constance mkewe anatajwa tu kwa kupita, hilo limenikera kwa kweli. Ila pale jina la Wilde linapofutwa kwenye mabango huku mchezo wenyewe bado unauza tiketi, mtu anapanda ngazi anabandika karatasi juu ya jina, basi, hasemi kitu, safi sana.

Hawatumii maiki na Kiingereza ni kile cha zamani, ukikaa nyuma utaambulia nusu. Watoto waacheni nyumbani.