Mashine ya presha nyumbani: miezi mitano nayo, na mkanda ulionidanganya

Nina miaka 33, na mashine ya presha nilikuwa naijua kama kitu cha mama. Siku hiyo nilikwenda zahanati kwa ajili ya mgongo, nesi akanipima kabla hata hajaniuliza shida: 156 kwa 98. Akarudia, vile vile. Kichwa hakiniumi, moyo hauendi mbio, sisikii chochote.

Daktari akataka nijipime nyumbani wiki nzima, asubuhi na jioni, mara mbili mbili. Nikashuka Kariakoo, nikatoka na mashine ya kufunga juu ya kiwiko kwa elfu themanini. Muuzaji alining'ang'aniza ile ya kifundo cha mkono, eti ndiyo ya kisasa. Hiyo ukiteremsha mkono kidogo tu chini ya usawa wa moyo, inasoma mambo mengine. Nikakataa.

Kero ni mkanda. Uliokuja na mashine umeandikwa sentimita 22 hadi 32, maandishi madogo, upande wa ndani. Mimi nabeba vyuma. Fundi cherehani jirani aliponizungushia futi yake mkononi, juu ya kiwiko, nilikuwa na 36. Mkanda ukibana husoma juu kuliko ukweli. Siku tatu nzima naona 160 na ushee, usiku silali. Nikarudi kununua mkubwa, elfu ishirini na tano nyingine, na dukani hakuna aliyekuwa ameniuliza ukubwa wa mkono.

Mkanda mpya: 146, 143, 147. Nilishangilia, mpaka daktari aliponikumbusha kuwa ukipimia nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, si ile 140 kwa 90 ya hospitali. Kumbe presha ninayo, kilichopungua ni uongo tu.

Kwa umri wangu alitaka kujua kama kuna chanzo kilichojificha, tukapima mkojo na figo. Safi. Alichokamata ni diklofenaki niliyokuwa nameza kila siku kwa ule mgongo. Dawa za namna hiyo hupandisha presha. Akanitoa huko, akaniandikia amlodipini, dawa ya kushusha presha, ya miligramu 5. Chumvi nayo, chipsi nilikuwa naziongezea kabla sijaonja.

Nikipima, nakojoa kwanza, naegemea kiti dakika tano, miguu chini, mkono mezani. Mwanangu akiniuliza kitu nikajibu, namba inaruka.

Naipa nyota nne. Inatunza vipimo, ila haitofautishi vyangu na vya majirani, na tangu mama mwenye nyumba ajue ninayo, kila jioni mlango unagongwa. Vyangu naviandika kwenye daftari. Jana asubuhi 131 kwa 83. Yeye, kwa ule mkanda mdogo unaomtosha, 172 kwa 104, mara mbili. Nimemwambia aende hospitali leo leo. Anasema tupime tena kesho.