NASCAR au Indianapolis 500: uanze na pinboli ipi?

Pinboli ni mchezo wa mashine ambapo goroli hupigwa kwa vibao mezani isidondoke. NASCAR ya kampuni ya Stern, iliyobuniwa na Pat Lawlor na kutoka mwaka 2005, ni ya mbio za magari yenye sura ya yale ya barabarani. Naipenda kwa njia yake ya juu: goroli ikipanda huko huizunguka meza mbio mbio. Lakini inataka subira. Inua kibao cha kupigia, kishikilie hivyo hivyo, goroli itulie juu yake, ndipo ulenge. Anayepiga ovyo, goroli humponyoka ikapita katikati ya vibao na kupotea.

Indianapolis 500 ya chapa ya Bally, nayo ya mbio za magari, kazi ya Dennis Nordman ya 1995, ina turbo inayozizungusha goroli kisha kuzitema mchezoni. Raha tupu! Mgeni wa pinboli ningemwanzishia hapo.