Nilitaka kumsikia Petey Greene, nikasikilizishwa mtafsiri

Sijui nianze na muuza muvi au na huyo mtafsiri wake. Juzi kati nilipeleka flashi kwenye banda moja Tandika, nikamwambia kijana aniwekee Talk to Me, ile ya 2007 ambayo Don Cheadle anamcheza Petey Greene. Nikawahi nyumbani, Luku nimeongeza, mjomba kashakaa mkao. Inaanza tu, nasikia: "Haya haya haya, wanangu mnaonifuatilia..." Imetafsiriwa!

Sina ugomvi na muvi za kutafsiriwa, za Kichina nimekua nazo. Ila hii ni ya mtangazaji, jamani. Petey Greene alitoka jela ya Lorton kwa kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, akaenda kukamata maiki ya redio WOL pale Washington, na mtaji wake wote ulikuwa mdomo. Ukishaufunika mdomo, unabaki na nini? Afro na mashati ya maua.

Kilichonimaliza ni ule usiku wa Aprili 1968. Martin Luther King kauawa, mji unawaka moto, watu wanavunja maduka, na Petey anakaa hewani kuwatuliza watu wake. Cheadle pale anavuta pumzi, koo limemkaba. Muvi ilipotoka wachambuzi walimsifia sana, na mimi kwa kipande hicho peke yake nawaunga mkono. Sasa mtafsiri wangu kile kimya kakiona nafasi ya biashara: "Hapo stelingi anawaza, anasema leo kimenuka! Oyaa, kwa muvi kali kama hizi njoo dukani kwetu..." Namba ya simu kaitaja mara mbili. King hata hajazikwa!

Kesho yake nikarudi bandani. Kijana hakuinua hata uso kwenye simu. "Broo, ya Kizungu haina soko. Umesema Talk to Me, Talk to Me si hiyo?" Nikamuuliza, na mia tano yangu? "We si umeangalia mpaka mwisho?"

Na kweli niliangalia mpaka mwisho, hapo ndipo ananishika pabaya. Waliolalamikia hii muvi wanasema huko mbele inapwaya, Dewey Hughes, meneja wake, anapomng'ang'aniza Petey aende kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson. Petey anageuka mgeni kwenye muvi yake mwenyewe. Sishangai: mmoja wa walioandika script ni Michael Genet, mtoto wa huyo huyo Dewey. Mtoto akishika kalamu, baba atakosaje nafasi? Na Chiwetel Ejiofor aliyemcheza Dewey ndiye aliyeondoka na tuzo ya Independent Spirit.

Ila kwa mtafsiri hakuna kilichopwaya. Anamsuta Dewey kama shangazi wa kikaoni: "We baba, mwenzio hayataki hayo, mwache na redio yake!" Mjomba anacheka mpaka anakohoa. Kwenye msiba wa Petey, yule mropokaji akashusha sauti, akasema, "Huyu alikuwa mtangazaji," akanyamaza. Dakika nzima. Nikamwambia mjomba huyu bwana alifariki 1984. Akasema mwaka huo huo Mwalimu alitangaza redioni kifo cha Sokoine, yeye yuko sokoni, watu wameacha nyanya zao wamelizunguka duka moja lenye redio. Hajawahi kunihadithia hilo.

Nilikuja hapa kutoa sifuri. Nikasema basi nyota tatu, kwa ajili ya ile dakika. Nikikumbuka namba ya simu juu ya maiti ya King, narudisha moja. Kijana wa bandani simpi kitu, hata salamu.

Jana mjomba kaniuliza kama kuna nyingine ya yule bwana. Nikamwambia Petey Greene muvi yake ni hiyo.

"Petey gani? Namuulizia yule mtafsiri."