Betri ya lithiamu kwenye saluni yangu Ruangwa: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba nimeridhika, na ningelazimika kununua tena leo ningenunua ileile. Wengi wanaoniulizia betri hii wanaulizia bei tu, wakishaisikia wanaguna na kuondoka. Bei bila kujua utafanya kazi saa ngapi haikuambii kitu, kwa hiyo naandika kwa wale ambao betri ndiyo inayowaingizia riziki.

Nina saluni ya kiume hapa Ruangwa mjini, mkoani Lindi, viti viwili. Mzigo wangu ni mashine mbili za kunyolea, feni, televisheni ya inchi 32, taa tatu na meza ya kuchajia simu. Vyote vikiwa vimewashwa ni kama wati 130. Umeme wa nguzo ninao, ila ukikatika hukatika jioni, saa ambazo vijana ndiyo wanatoka kwenye shughuli zao. Siku Namungo wanacheza nyumbani Uwanja wa Majaliwa, foleni inaanza asubuhi na haitaki maelezo. Ndiyo maana paneli na inveta nilifunga zamani, pamoja na betri ya jeli ya Ah 100 (amp-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa ndani).

Ile ya jeli, kama betri zote za risasi, ina sharti ambalo muuzaji hakuambii: usiishushe chini ya nusu. Ukiizoesha kuishiwa, sahani za ndani zinajijengea utando mgumu wa salfeti na uwezo wake unakwenda ukipungua. Kwa hiyo umenunua 100, unayotumia ni 50. Na kwenye saluni huwezi kumwambia mteja subiri betri imefika nusu. Haikumaliza miaka miwili, inveta ikaanza kulia pii pii kabla hata ya isha.

Kuna jioni alikaa mzee mmoja kwenye kiti, nimeshamsalimia shikamoo, nimemnyoa upande mmoja, mara zii. Giza. Mzee akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, sasa nitaingiaje msikitini na kichwa hiki?" Nilimmalizia kwa wembe huku kijana mmoja ametumulikia kwa tochi ya simu. Hapo ndipo nilipoamua kubadilisha.

Niliyonunua imeandikwa ubavuni LiFePO4, 12.8V, 100Ah. Maana yake ni lithiamu, chuma na fosfeti. Ndani kuna seli nne za volti 3.2 kila moja, jumla 12.8. Zidisha kwa 100 unapata wati-saa 1,280, na hapa unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi bila kuiumiza. Kwangu hiyo ni zaidi ya saa saba na vyote vimewashwa, na kwa kawaida haviwashwi vyote kwa pamoja. Nafunga saa nne usiku nikiwa bado na akiba. Ilinifikia kwa laki nane na nusu pamoja na nauli ya basi kutoka Dar, karibu mara mbili ya jeli. Watengenezaji wa aina hii huandika mizunguko, yaani kujaza na kutumia, 2,000 hadi 4,000 na zaidi. Hata ukichukua ile 2,000, kuchaji mara moja kwa siku ni zaidi ya miaka mitano. Huko bado sijafika. Ninachoweza kusema ni kwamba kipimo nilichokifanya ilipokuwa mpya nimekirudia, na saa hazijapungua.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni namna inavyopokea chaji. Betri ya risasi ikikaribia kujaa inaanza kusuasua, sehemu ya mwisho inakula masaa. Hii inapokea kwa kasi ileile mpaka karibu kabisa na kujaa, na kinachopotea njiani ni kidogo. Wa huku Kusini watanielewa: kuanzia Desemba hadi Aprili wingu linaweza kukaa kutwa, jua likachungulia mchana kidogo likarudi ndani. Kile kidogo chote kinaingia. Mvua zilizopita nilifanya kazi bila kuzima televisheni.

Sasa sikilizeni upande wa ufungaji, maana hapa ndipo watu wanaharibu betri ya pesa nyingi. Kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, ikiwa imepangwa kwa ajili ya risasi isiachwe hivyohivyo. Baadhi zina hatua ya kusawazisha inayopandisha volti kupita 15. Hiyo izimwe. Tafuta chaguo la LiFePO4, au uweke mwenyewe volti 14.2 hadi 14.4. Fundi aliyenifungia aliniambia, "Kaka, ukizidisha, BMS itakata, na inveta itabaki inagongwa na paneli peke yake." BMS ni bodi ya ulinzi iliyomo ndani, inayokata betri ikijaa kupita kiasi, ikiisha kabisa, ikipata moto au nyaya zikigusana. Kama kontrola yako haina chaguo hilo, nunua nyingine kabla ya betri. Na fyuzi iwekwe karibu na ncha chanya, kwa sababu spana ikidondoka juu ya ncha mbili za betri hii, mkondo unaotoka pale si wa kuchezea.

Zile taa za kijani na nyekundu kwenye kontrola msiziamini tena. Betri ya risasi inashuka volti taratibu, unaiona inachoka. Hii inabaki kwenye 13 na pointi karibu muda wote, halafu mwishoni inaporomoka ghafla. Mimi nimeweka mita ndogo inayohesabu amp zinazoingia na kutoka, na ndiyo ninayoiangalia.

Ya kwanza kuletewa haikuwa hii, na hilo liliniuma. Duka moja la Dar lilinitumia boksi zuri, maandishi ya 100Ah makubwa, ila nilipolibeba stendi nikashangaa: halifiki hata kilo saba. Betri ya kweli ya ukubwa huo ni kama kilo 10 hadi 13 (ya risasi inakaribia 30). Niliijaza, nikaifungia balbu za DC za wati 60 kwa jumla, nikakaa na saa. Kwa hesabu ilitakiwa kuwasha kama saa 20. Ilikata kabla hazijatimia saa nane. Wanachukua seli chakavu au pungufu, wanazivika ganda jipya. Walinibadilishia baada ya kuwatumia video, lakini nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa juu yangu. Usikubali kulipa yote kabla ya kupewa nafasi ya kufanya kipimo hicho.

Wateja wanaogopa lithiamu kwa sababu wamesikia za simu kulipuka. Nyingi za simu ni za kobalti, kemia nyingine. Kwenye fosfeti oksijeni imeshikwa imara sana, haiachii kirahisi hata betri ikipata joto, na hilo linaifanya iwe tulivu zaidi. Joto hata hivyo linaizeesha. Kibanda changu ni cha bati, kwa hiyo nimeiweka chini ya kaunta upande usiopigwa na jua la mchana. Kipeperushi kinaonya pia kutochaji chini ya nyuzi sifuri, jambo ambalo Ruangwa halituhusu.

Kuna kitu ambacho nikikifikiria najisikia fahari. Upande hasi wa betri hizi umetengenezwa kwa kinywe (grafiti), na kinywe kinachimbwa wilayani kwetu. Vijana wa mgodini nawanyoa mimi. Kinatoka hapa kikiwa unga, kinarudi kikiwa ndani ya boksi la laki nane. Natamani siku moja hata hatua moja ya kazi hiyo ifanyike Lindi.

Naulizwa pia kama ni bora kusubiri betri za sodiamu. Kampuni ya CATL ya China ilitangaza ya kwake mwaka 2021, na sodiamu ipo hata kwenye chumvi inayovunwa Lindi na Kilwa, tofauti na lithiamu. Kwa uzito uleule inabeba nishati kidogo kuliko lithiamu, jambo ambalo kwa betri inayokaa chini ya kaunta si tatizo. Tatizo ni kwamba volti zake hupanda na kushuka sana kutoka kujaa hadi kuisha, na inveta nyingi tulizonazo zitakata katikati. Pia haitumii kinywe kama yetu, hutumia kaboni ya aina nyingine. Mwenye biashara inayosimama kila umeme ukikatika asisubiri.

Asiyehitaji betri hii ni mwenye taa mbili na simu moja. Kwake kile kitaa cha sola chenye betri yake ndani kinatosha.

Lalamiko langu lililobaki ni matengenezo. Seli zinaweza kudumu miaka, lakini bodi ya BMS ikiungua, sijaona fundi wa hapa mjini mwenye ya akiba. Ganda langu limefungwa kwa skrubu, linafunguka. Mengine yamegundishwa, kuyafungua mpaka uyakate. Nilipokuwa nachagua niliuliza hilo la skrubu kwanza, kabla ya bei. Wanaoleta betri hizi Kusini walete na bodi zake, nami nitakuwa wa kwanza kununua moja niiweke kabatini.