Maktaba ya wageni

Nilijiapiza kwamba sitaandika chochote kuhusu hii shule mpaka hasira zipoe. Hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Jina silitaji. Wenye watoto pale watajijua, na mwenye shule naye atajijua. Ada kiasi gani, mtaala upi, basi linapita saa ngapi, hayo yote yamo kwenye kipeperushi chao, kasome mwenyewe. Mimi nina neno moja tu: maktaba.

Siku tulipokwenda kuitazama shule, kabla hatujalipa chochote, tulitembezwa na dada mmoja mcheshi mwenye kitambulisho shingoni. Madarasani alitupitisha mbiombio, kama mwenye nyumba anayewapitisha wageni jikoni wakati vyombo havijaoshwa. Tulipofika maktaba akapunguza mwendo. Zulia nene. Vimeza vya mviringo. Mito ya kukalia chini, ramani ya dunia ukuta mzima, vitabu vya picha vimepangwa kwa rangi zake kama vitambaa dukani. Binti yangu, ambaye asubuhi nzima alikuwa kajificha nyuma ya gauni langu, akaniachia mkono, akaenda kukaa kwenye mto, akafungua kitabu. Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama. Pale ndipo tulipolipa. Risiti iliyofuata ilikuwa karatasi tu.

Muhula ukaanza. Namuuliza, leo mmesoma nini maktaba? Hatujaenda. Wiki nyingine, hatujaenda. Nikajisemea labda zamu ya darasa lao bado. Muhula wa pili, sikumbuki ulikuwa katikati au unakaribia kuisha, tuko kwenye gari tunarudi nyumbani, nikamuuliza tena. Akanijibu huku anahangaika na kamba ya kiatu, hata uso hakuinua: "Mama, ile si yetu. Ile ni maktaba ya wageni."

Niliegesha gari pembeni.

Kumbe watoto wote wanajua. Ufunguo unakaa ofisi ya mhasibu. Wakija wazazi wa kutazama shule, mlango unafunguliwa, na wanaitwa watoto watano sita wenye sare safi waje wakae na vitabu. Binti yangu mwenyewe aliwahi kuitwa. Akapewa kitabu cha sungura aliyetumbukia kwenye shimo. Amefika ukurasa wa nne, wageni wakaondoka, wakaambiwa haya, rudisheni vitabu, darasani. Ananisimulia haya kama anasimulia jambo la kawaida kabisa, kisha ananiuliza mimi: "Mama, unafikiri yule sungura alitoka?"

Mimi nitajuaje?

Nilikwenda shuleni siku chache baadaye. Mkuu wa shule alikuwa kikaoni (sijawahi kumkuta nje ya kikao, ila siku ile ya kwanza). Nikapelekwa kwa mhasibu. Ufunguo niliuona kwa macho yangu, unaning'inia msumarini nyuma ya kichwa chake, umefungwa utepe mwekundu. Nikamweleza kwa adabu zote. Akasema maktaba itaanza kutumika utaratibu ukikamilika. Utaratibu gani? Vitabu ni ghali, mama, watoto wanachana. Nikamwambia kitabu kisichochanwa na mtoto hakijasomwa na mtoto. Hapo akaacha kubonyeza kikokotoo, ingawa macho bado yako kwenye karatasi zake, akasema: "Mama, hakuna aliyekulazimisha. Shule ziko nyingi. Mzazi ana uhuru wa kuchagua."

Wallahi kama angenitukana ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Maana hilo neno kuchagua ni zuri, tena lina mizizi yake. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mwanawe. Lakini ibara hiyo hiyo, tena mwanzoni kabisa, inasema elimu iwe bure, angalau ya msingi. Bwana mhasibu kashika mkia wa ibara, kichwa kakiacha.

Halafu nichague kwa kutumia nini? Ada ya mwaka wako nayo. Ada ya usajili "hairudishwi", imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya fomu. Sare ina nembo yao, shule nyingine haivaliki. Nikimtoa mtoto leo, anatoka yeye na begi lake, pesa zinabaki pale chini ya ule ufunguo. Anajua hilo, ndiyo maana anaweza kuongea na mimi bila kuinua macho.

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma. Uswidi tangu mwaka 1992 fedha ya umma humfuata mtoto: akihamia shule binafsi iliyoidhinishwa, fungu lake linahama naye, na leo shule hizo haziruhusiwi kumtoza mzazi ada. Nikamwamsha mume wangu nimwambie. Akasema (mtu huyu hata usingizini mbishi), na Chile je? Kweli, Chile walianza mapema zaidi, 1981, serikali ikilipa kwa kichwa cha mwanafunzi, za umma na binafsi zikimgombea. Baadaye shule zikaruhusiwa kumwongezea mzazi ada juu ya ile ruzuku, na nyingi zikawa zinachagua watoto badala ya wazazi kuchagua shule. Wanafunzi wakaingia barabarani mwaka 2006, wakarudi tena 2011, na sheria ya mwaka 2015 ndiyo iliyoanza kuondoa hatua kwa hatua faida, ada za nyongeza na mchujo katika shule zinazopokea fedha ya serikali. Kwa hiyo pesa kumfuata mtoto peke yake si dawa, mume wangu kashinda, akalala. Lakini mimi nilibaki na wivu. Hebu fikiria mhasibu anayejua kwamba mtoto akiondoka na bajeti inaondoka. Ule utepe mwekundu ungefunguliwa siku hiyo hiyo.

Kilichonichoma zaidi ni kingine. Ule mtihani wa PISA, unaopima watoto wa miaka 15 nchi kwa nchi, kwa wastani watoto wa shule binafsi huonekana wako mbele. Lakini wachambuzi wakiondoa tofauti za hali ya nyumbani, yaani kipato na elimu ya wazazi, ule ubora huyeyuka, na kwenye kusoma mwaka 2018 wa shule za umma walikuwa hata juu kidogo katika wastani wa nchi za OECD, ule umoja wa nchi nyingi tajiri. Yaani sehemu kubwa ya ubora tunaoulipia tunakuwa tumeuleta wenyewe kutoka nyumbani, wao wanaupangia zulia.

Na dalili zilikuwepo! Vitabu vile vilikuwa vipya mno. Pembe zote kali, hakuna alama ya kidole, hakuna hata kimoja kilichowekwa kichwa chini. Shule ya umma anakosoma mtoto wa dada yangu maktaba ni kabati la chuma, vitabu vimeungwa kwa selotepu mpaka vimenenepa, na mwalimu ana daftari la kuazimia lililojaa majina. Tuliwahi kulicheka lile kabati. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Kwa hiyo nyota moja. Ningetoa sifuri kama ingewezekana.

Ila.

Ila kuna mwalimu wake wa darasa, na hapa ndipo ninapokwama. Binti yangu aliingia pale anakisia maneno kwa kutazama picha. Huyu mwalimu alimkalisha kila siku mapumziko ya mchana, dakika chache tu, kidole chini ya neno, mpaka mtoto akaanza kusoma vibao vya barabarani kwa sauti, akaanza kutusomea maandishi ya dawa ya meno. Hakuniomba chochote. Hata sikujua mpaka mtoto aliposema. Basi nyota tatu? Hapana. Kwa sababu mwalimu si shule. Mwalimu yule angekuwa vile vile chini ya mti. Shule ni ule ufunguo.

Sasa sikia. Juzi juzi hapa mtoto karudi na kitu kimefungwa kwa gazeti. Kitabu cha sungura. Sio cha maktaba, hiki kimechakaa, jalada limeungwa na uzi, ndani kuna jina la mtoto mwingine limekatwa kwa kalamu. Mwalimu alikitafuta nyumbani kwake, cha wanawe waliokwishakua. Tulikisoma usiku ule mara tatu. Sungura alitoka. Hakutoka kwa nguvu zake, alishushiwa kamba na kobe.

Nyota mbili, basi, zote za mwalimu. Na mwenye shule kama unasoma hapa, mwalimu huyo asiguswe kwa haya niliyoyasema.

Fomu ya muhula ujao iko juu ya jokofu, mwisho wa kulipa ni wiki hii. Mume wangu kaniuliza leo asubuhi, tunalipa au tunahama? Mtoto naye kasimama pale na begi mgongoni, anangoja jibu. Nikawaambia tutachelewa, twendeni.